Busta Ifungwe Kabla ya Waya Mrefu

Matatu nyingi zinazotoka Kitale kwenda Bungoma kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye ni Toyota HiAce za abiria 14, na si chache zilizofungwa muziki mzito kuliko ule zilioundwa nao. Redio iko kwenye dashibodi, amplifaya imefichwa chini ya kiti cha nyuma, wufa imebanwa karibu na mlango wa mizigo. Abiria wa nyuma hapungukiwi besi. Lakini wimbo mmoja ukiisha na mwingine haujaanza, husikia kitu ambacho hakikurekodiwa studio yoyote: mlio mwembamba unaopanda dereva akikanyaga mafuta na kushuka akiachilia.

Mwenye gari akilalamika, au akisema muziki wake hauna nguvu, dawa anayopendekezewa mara nyingi ni busta: kisanduku kidogo chenye matundu ya RCA ya kuingiza na ya kutoa, kinachokuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Hapo ndipo makosa huanza. Nyuma ya dashibodi pamejaa nyaya na mikono haipiti vizuri, ilhali kule nyuma umeme wa amplifaya umeshafika na nafasi ipo. Basi busta inafungwa nyuma, ubavuni mwa amplifaya. Sauti inapanda. Mlio nao unapanda.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue redio ya bei nafuu inayotoa volti 0.5 kwenye matundu yake ya RCA, na tuseme kwamba njiani, kati ya dashibodi na amplifaya, waya unaokota kelele za volti 0.005. Sauti imeizidi kelele mara 100, yaani desibeli 40. Busta inayokuza mara 10 ikikaa mwisho wa waya inapokea vyote viwili vikiwa vimeshachanganyika: sauti inakuwa volti 5 na kelele volti 0.05. Bado ni mara 100. Busta hiyohiyo ikikaa mgongoni mwa redio, sauti inaanza safari ikiwa tayari na volti 5, na waya unaokota zilezile 0.005. Sasa ni mara 1,000, desibeli 60. Ni kama ujumbe unaopitishwa mdomo kwa mdomo katika soko la Chwele siku ya msongamano: wa kwanza akipaza sauti utafika, lakini akinong'ona, wa mwisho hata apige kelele namna gani atakuwa anatangaza alichosikia vibaya.

HiAce ina sababu ya ziada ya kufuata utaratibu huu. Injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo waya wa sauti ukitoka kwenye dashibodi unaanza safari yake karibu na altaneta, mashine inayochaji betri na ambayo ndiyo chanzo cha ule mlio. Gari lenyewe lina urefu unaokaribia mita 4.7 hata katika toleo la kawaida, na waya ukifuata kona za bodi unahitaji mita kadhaa zaidi ya zile zinazoonekana kwa macho. Ndiyo maana waya mnene wa umeme wa amplifaya hupitishwa upande mmoja wa gari na wa sauti upande mwingine, na zikilazimika kukutana, zipishane kwa umbo la msalaba badala ya kulala sambamba.

Kuna hatua moja ambayo ikiachwa kazi yote inaonekana haina faida. Busta ikishafungwa mbele, fundi lazima arudi nyuma apunguze geini ya amplifaya, yaani kiasi inachokuza sauti. Geini ikibaki pale ilipokuwa, muziki unanguruma zaidi, amplifaya inaanza kukata vilele vya sauti, na kelele ya waya inabaki na ukubwa wake uleule. Ikipunguzwa hadi muziki urudi kwenye kiwango cha awali, kelele inashuka pamoja nayo, na tofauti husikika waziwazi katika muziki wenye vipindi vya ukimya. Litungu la Wabukusu ni kipimo kizuri sana kwa kazi hii, kwa sababu kati ya mpigo mmoja wa uzi na mwingine kuna nafasi ambayo mlio wa altaneta hauna pa kujificha. Dansiholi haimwambii fundi lolote. Imejaa sauti mwanzo mwisho.

Kabla ya kununua, mwenye gari atazame maelezo ya redio yake. Redio nyingi za kufunga baadaye hutoa volti 2 kwenye RCA, na zilizo bora hutoa 4 au 5. Mwenye redio ya volti 4 au 5 hana haja ya busta. Fedha hiyo aiweke kwenye nyaya nzuri na kazi safi ya kufunga. Na kisanduku kikiandikwa kwamba kinatoa volti 8 au 9, swali la kuuliza ni kinazipata wapi. Umeme wa gari ni volti 12 injini ikiwa imezimwa, na takriban 14 ikiwa inanguruma. Saketi inayotegemea volti 14 peke yake haiwezi kutoa zaidi ya volti 5 hivi za sauti, kwa namna volti hizo zinavyopimwa. Ili ivuke hapo inahitaji kigeuzi cha umeme ndani yake, na vitu vya bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na maandishi tu.

Kanuni hii ni ya zamani kuliko muziki wa matatu. Mwaka 1944 Harald Friis, mhandisi mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, alichapisha fomula inayoonyesha kwamba vifaa vya kukuza mawimbi vikipangwa kimoja baada ya kingine, kelele ya kifaa cha kwanza ndiyo yenye uzito mkubwa, na kelele za vinavyofuata hupungua uzito kadiri kile cha kwanza kinavyokuza. Friis alikuwa akishughulikia vipokezi vya redio, na hapo ndipo ilipo busta ya pili ya gari: ile ya antena.

Barabara ya Kitale–Bungoma inaijaribu vyema. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma mita 1,400 hivi. Upande mmoja kuna Mlima Elgon wenye mita 4,321, upande wa pili vilima vya Cherang'any. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mtu anayesikiliza Sulwe FM kwa Lubukusu, au West FM ya Bungoma, huenda akaipata safi mlimani na kuipoteza akishuka bondeni. Hilo ni jambo la ardhi na busta haiwezi kulimaliza. Ila kuna magari yanayopoteza vituo hata mahali ambapo jirani mwenye redio ya bei ya chini zaidi anasikia vizuri, na hapo tatizo si mlima.

Magari mengi ya Japani, hasa ya familia, hayana fimbo ya antena. Antena ni mistari myembamba iliyochapwa kwenye kioo cha nyuma au cha pembeni, na kiwandani hufungwa amplifaya ndogo palepale kwenye nguzo ya kioo, kabla mawimbi hayajaingia kwenye waya mrefu wa kuelekea dashibodi. Wahandisi wameshaweka busta mahali pake. Kinachotokea ni kwamba mwenye gari anabadilisha redio, fundi anaunganisha spika, umeme na antena, na waya wa bluu wa redio mpya anaufunga utepe na kuuacha ukining'inia. Waya huo ndio unaopeleka umeme kwa antena. Ukiachwa, amplifaya ya kioo inakufa njaa na mawimbi yanapita ndani yake kwa taabu. Wenye rangi ya bluu na mstari mweupe ni wa kuwashia amplifaya ya muziki, na nyaya hizo mbili zisichanganywe. Kununua busta mpya ya antena kabla ya kuukagua waya wa bluu ni kutupa pesa.

Lipo pia suala la masafa. Redio za Japani zimezoea FM ya kutoka 76 hadi 90, ingawa zilizotengenezwa baada ya nchi hiyo kuanza kutumia masafa ya hadi 95 mwaka 2014 zinaweza kufika huko. Kenya inatumia 87.5 hadi 108. Gari lililoagizwa likiwa na redio yake ya asili hufungiwa kigeuzi cha masafa kati ya antena na redio. Kigeuzi hicho huleta kelele yake, na kwa kuwa redio ya zamani ina nafasi ya megahatsi 14 tu, vituo vingine vya Kenya havitaingia hata mambo yakienda sawa. Busta ikitumika, itangulie kigeuzi, upande wa antena. Wanaopita karibu na mtambo wa kurushia matangazo wachague busta yenye swichi ya kuzima, maana mawimbi yakizidi nguvu kituo kimoja hujitokeza mahali pengi kwenye piga.

Sasa, tukirudi kwenye busta ya sauti, kuna hali moja inayogeuza mambo. Redio nyingi za kiwandani hazina matundu ya RCA. Zina nyaya za spika peke yake. Fundi hutumia kibadilishi kinachopunguza nguvu za spika ziwe za kiwango cha RCA, na baadhi ya vibadilishi hivyo vina busta ndani. Hiki kifungwe nyuma, karibu na amplifaya. Nyaya za spika hubeba volti nyingi kutoka kwenye chanzo chenye nguvu, na kelele za njiani haziziyumbishi kirahisi, hivyo inafaa sauti isafiri ikiwa katika hali hiyo hadi karibu na mwisho. Anayekiweka mgongoni mwa redio anaugeuza mkondo wenye nguvu kuwa dhaifu kabla ya safari.

Hata busta ikikaa panapostahili, haitibu mlio unaotokana na waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi yenye rangi au kutu, au redio na amplifaya kufungwa kwenye sehemu mbili za bodi zinazotofautiana kwa volti kidogo. Mafundi makini huanza na jaribio lisilogharimu chochote. Injini ikiwa inanguruma, redio na amplifaya huzimwa, nyaya za RCA zikachomolewa upande wa amplifaya, kisha amplifaya ikawashwa tena. Mlio ukiendelea, unaingia kupitia umeme au waya wa hasi wa amplifaya yenyewe, na bodi ikwanguliwe hadi chuma kitoe mng'ao. Ukinyamaza, waya wa sauti unarudishwa kwenye amplifaya na kuchomolewa upande wa redio, na plagi zake kufunikwa zisiguse chuma. Ukirudi hapo, waya ndio unaookota, na ubadilishiwe njia. Ukirudi pale tu redio inapounganishwa, tatizo liko kwenye redio au waya wake wa hasi, na busta ingekuwa inalikuza.