Mavazi ya Chumba cha Mtihani kwa Mwenye Selimundu

Mwanafunzi anapojiandaa kwa mtihani, vazi huwa jambo la mwisho kufikiriwa. Kwa mwenye selimundu, vazi ni sehemu ya kinga. Saa tatu za kukaa katika chumba chenye baridi zaweza kuamsha maumivu makali yatakayomtoa nje kabla hajamaliza karatasi yake.

Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini Tanzania kila mwaka, na kadiri huduma zinavyoboreka ndivyo wanavyozidi kufika sekondari na vyuoni. Himoglobini yao, inapoachia oksijeni, hushikamana na kuifanya seli nyekundu iwe ngumu, yenye umbo la mundu. Baridi husinyaza mishipa midogo. Damu hupita polepole, seli hujipinda na kuziba njia. Sehemu iliyokosa damu, hasa mifupa, ndiyo inayouma.

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei, baridi inapoanza Mbeya, Njombe na Iringa. Katika kumbi za vyuo vya Dar es Salaam, kiyoyozi huleta baridi hiyo hiyo wakati wa joto.

Mtahiniwa avae nguo za tabaka: fulana ya pamba ndani, shati la sare, kisha sweta inayovulika kwa urahisi, kwa kuwa joto na jasho jingi nalo hupunguza maji mwilini. Soksi kavu na viatu vinavyofunika mguu ni muhimu. Mikanda, suruali na soksi zinazobana ziepukwe. Akinyeshewa njiani, abadili nguo kabla ya kuketi, kwani nguo mbichi huchota joto la mwili.

Figo za mwenye selimundu huhifadhi maji kwa shida. Hivyo huhitaji kunywa maji na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Nguo ifunguke kwa urahisi ili asipoteze muda.

Sare isiyo na sweta isiwe kikwazo. Mhudumu wa kliniki aulize tarehe ya mtihani mapema na kuandika barua kwa mkuu wa shule, akieleza haja ya sweta, maji, ruhusa ya kutoka na kiti kilicho mbali na kiyoyozi au dirisha lenye upepo. Sweta iwe haina maandishi, isije ikazua shaka kwa msimamizi.

Mavazi hayachukui nafasi ya dawa. Haidroksiurea na asidi ya foliki, kwa aliyeandikiwa, zisiachwe kwa sababu ya mtihani. Na zikitokea homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mtahiniwa apelekwe hospitali mara moja. Mtihani waweza kusubiri mwaka mwingine. Dalili hizo hazisubiri.