Zulia Chakavu Miguuni pa Dereva

Dereva wa Rohero mwenye ulemavu wa mguu asilipuuze zulia la gari lililochakaa. Zulia lisiloshika sakafu huteleza na kuibana pedali ya mafuta, na mguu mzito hauwahi kuinasua. Agosti 2009, huko California, Marekani, watu 4 walifariki katika gari la Lexus lililotandikwa zulia la gari la aina nyingine.

Unapobadilisha, egesha mahali tambarare, zima injini, vuta breki ya mkono, kisha umwombe msaidizi ainame kwa niaba yako. Zulia kuukuu litolewe kwanza. Jipya lisitandikwe juu yake, bali lifungwe kwenye vishikizo vya sakafuni. Hatimaye pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho na kuachiliwa: isiporudi yenyewe bila kugusa zulia, gari lisiondoke.