Sumu ya Sifongo

Mkazi wa Mabatini jijini Mwanza, ambaye maji ayajuayo ni ya Mto Mirongo na ya Ziwa Victoria linaloupokea, ana haki ya kuuliza yamhusu nini mambo ya sifongo wa baharini. Nami namjibu kwamba yamhusu, kwa kuwa saratani ya damu, ambayo wagonjwa wake wa Kanda ya Ziwa hupelekwa Hospitali ya Bugando, ni miongoni mwa maradhi ambayo mnyama huyu amewaonyesha matabibu njia ya kuyakabili.

Naam, ni mnyama, ingawa afanana na mmea. Hana meno wala miguu, maisha yake yote amenata mwambani akichuja maji, na lau asingalikuwa na sumu, ambayo mara nyingi hutengenezwa na bakteria wakaao mwilini mwake, angaliliwa akaisha zamani.

Wataalamu humkatakata, wakamloweka katika spiriti, kisha wakaivukiza hata yakabaki masazo mazito kama asali. Jaribio la kwanza, ambalo Muhimbili hulitumia kupimia dawa za miti shamba, ni jepesi ajabu: mayai makavu ya kamba wadogo wa maji ya chumvi huanguliwa penye mwanga kwa siku moja au mbili, na watoto kumi hutiwa katika kila kichupa pamoja na masazo ya kiasi mbalimbali, ila vichupa vichache hutiwa spiriti peke yake, sifongo asije akasingiziwa mauaji ya spiriti. Baada ya saa 24 mpimaji huinua kichupa mbele ya taa: walio hai wanarukaruka, maiti wametulia chini, naye huwahesabu. Kiasi kilichoua nusu yao ndicho kipimo. Kadiri kilivyo kidogo, ndivyo sumu ilivyo kali.

Wala sumu hiyo haitupwi, bali ndiyo itafutwayo, kwani iuayo kamba huenda ikaua na chembe za saratani. Walakini sharti ithibitike kwamba yazidhuru hizo kuliko chembe zenye siha, na hapo nyingi hushindwa. Mwaka 1951 Werner Bergmann na Robert Feeney walieleza kemikali za sifongo wa Florida zenye sukari isiyo ya kawaida. Wengine, kwa kuziiga, wakaunda sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969, ambayo chembe ya saratani huipokea ikidhani ni kijenzi chake, ikashindwa kuzaana.

Madhali jaribio lataka chumvi, mayai, taa na mtu mwenye subira, ningependa lifundishwe katika sekondari za Mwanza, vijana wazoee kupima sumu mapema. Maana hata katika Ghuba ya Mwanza umo mwani wa kijani-buluu utoao sumu iharibuyo ini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea mpaka wa mikrogramu 1 kwa lita ya maji ya kunywa.