Yoga yaweza kumrudishia nguvu aliyetibiwa saratani

Wanawake wengi waliotibiwa saratani ya matiti hudhani kwamba siku ya kumaliza matibabu ndiyo siku ya kupona. Halafu hufika nyumbani na kugundua kwamba hawawezi kuanika nguo kambani, kufunga sidiria wala kushika chuma cha juu ndani ya matatu. Uvimbe umeondolewa, lakini mwili hautii.

Sababu ni hii. Daktari anapoondoa titi, mara nyingi huondoa pia baadhi ya tezi za kwapani ili zipimwe. Kovu linapokauka huvuta ngozi na misuli ya kifua. Tiba ya miale nayo huifanya nyama ya sehemu hiyo kuwa ngumu, na ugumu huo waweza kuongezeka miezi mingi baada ya matibabu kwisha. Mgonjwa akiogopa maumivu huukunja mkono kifuani na kuuacha hapo, na baada ya majuma machache bega hukakamaa.

Sisi madaktari tuna lawama katika jambo hili. Kwa miaka mingi tuliwashauri wagonjwa wasiutumie mkono huo kwa kazi nzito, tukihofia kwamba utavimba kwa kuwa tezi zinazochuja majimaji zimetolewa. Nami niliwahi kumpa mama mmoja shauri hilo. Alirudi baada ya miezi minne akiwa hawezi kuchana nywele zake. Mwaka wa 2009 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba wanawake wenye uvimbe wa mkono walioinua vyuma vizito kidogo kidogo, wakisimamiwa, hawakuzidi kuvimba kuliko wenzao ambao hawakuinua.

Hapo ndipo yoga inapoingia. Mazoezi haya yaliyotoka India hunyoosha viungo polepole, humfundisha mtu kupumua kwa kina, kisha humlaza atulie. Hayahitaji vyombo, mkeka, ukuta na kiti imara vyatosha.

Mbali na bega, kuna uchovu. Huu si uvivu, ingawa wakwe na majirani huenda wakauita hivyo. Mtu huamka asubuhi akiwa amechoka kama alivyolala. Akikaa kitandani mchana kutwa misuli hupungua, na kesho yake huchoka zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, wanawake 200 waliomaliza matibabu ya saratani ya matiti walichunguzwa. Nusu yao walifundishwa yoga mara mbili kwa juma kwa majuma 12. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2014. Mafunzo yalipomalizika, tofauti ya uchovu haikuwa dhahiri. Ilionekana miezi mitatu baadaye. Kwa hivyo usivunjike moyo juma la pili ukiona hakuna lililobadilika. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka wa 2013, ulihusu watu 410 waliokuwa wametibiwa saratani, nao ulionyesha kwamba majuma manne ya yoga nyepesi yaliwafanya walale vizuri zaidi.

Uanze vipi? Subiri kidonda kipone na daktari wako akuruhusu. Lala chali, magoti yakiwa juu, ushike mkono mgonjwa kwa ule mzima, kisha uiinue yote miwili kuelekea kichwani huku ukivuta pumzi. Simama pale unapoanza kuhisi kuvutwa. Toa pumzi, ushushe. Fanya mara tano. Siku nyingine simama mbele ya ukuta, vidole vipande juu kama buibui, na utie alama ya penseli mahali vilipofika. Alama hizo zitakutia moyo kuliko maneno yangu. Mwisho ulale kimya dakika kumi. Wahindi huuita huo mkao wa maiti, lakini jina lisikutishe. Kazi yake ni kukupumzisha.

Kuvutwa ni sawa, kuchomwa si sawa. Mwanzoni usiegemeze uzito wote wa mwili mikononi, wala usiingie madarasa yanayofanywa katika chumba chenye joto kali, kwani joto laweza kuuvimbisha mkono. Ikiwa dawa za kemotherapi zilikuachia ganzi miguuni, fanya mazoezi ukiwa karibu na ukuta usije ukaanguka. Ikiwa saratani ilifika mifupani au mifupa yako imekuwa dhaifu, usijipinde wala kuinama sana kabla ya kumwona daktari.

Wasomaji wengine huuliza kama yoga ni ibada. Ina mizizi katika dini ya Kihindu, ndiyo, lakini kunyoosha bega na kupumua hakukulazimishi kusali sala ya mtu yeyote. Kama bado dhamiri yakusumbua, mwombe mtaalamu wa fiziotherapi hospitalini akuonyeshe mazoezi ya bega; yanafanana sana na haya.

Linalonitia hofu zaidi ni wale wanaosema yoga huponya saratani. Haiponyi. Usiache vidonge vyako wala kukosa siku ya kliniki kwa sababu unajisikia mwepesi.

Unapokwenda kwa mwalimu, mwambie ulitibiwa nini, upande gani, na lini. Na mkono ukivimba ghafla, ukawa mwekundu na wenye joto, au ukipata homa, acha mazoezi na uende hospitali siku hiyo hiyo.