MTU MZIMA AJIFUNZAYE DANSI

Wako watu wengi ambao hukaa kando ya ukumbi wakati bendi ipigapo, si kwa kuwa hawapendi dansi, bali kwa kuwa waogopa kuchekwa. Hudhani kwamba asiyejifunza ujanani amekwisha pitwa na wakati. Jambo hilo si kweli. Walsi, foksitroti na nyinginezo za namna hiyo msingi wake ni mwendo wa kutembea, na kutembea ni kazi ambayo mtu mzima ameizoea tangu utotoni.

Dansi ya wawili wawili si ngeni katika miji ya Afrika ya Mashariki. Ilienea baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na watu wakaitofautisha na ngoma, kwa kuwa mwanamume na mwanamke hushikana, kila jozi peke yake. Huko Uingereza, Imperial Society of Teachers of Dancing kilianzisha tawi la dansi za ukumbini mwaka 1924, na waalimu wakaanza kuafikiana juu ya hatua. Victor Silvester, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1922, aliona kwamba muziki wa bendi nyingi haukuwafaa wachezaji, mara wa mbio, mara wa polepole. Basi mwaka 1935 aliunda bendi yake, iliyopiga kwa mwendo usiobadilika. Muziki wa namna hiyo ndio umfaao mwanafunzi. Walsi huwa na mapigo yapata 90 kwa dakika, na yeyote aweza kuyahesabu: moja, mbili, tatu.

Katika hatua za kwanza za walsi mwanamume hupeleka mguu wa kushoto mbele, wa kulia kando, kisha huuleta wa kushoto karibu na wa kulia. Halafu hurudi nyuma kwa mguu wa kulia, wa kushoto kando, na wa kulia huufuata. Mwanamke hufanya kinyume chake. Hayo yote hufahamika upesi. Lililo gumu ni uzito wa mwili. Miguu ikutanapo katika hatua ya tatu, uzito wote hauna budi kuhamia mguu uliofika sasa hivi. Wengi huuacha katikati, na pigo la kwanza lifikapo hawajui ni mguu upi uende. Hapo ndipo wanapokanyagana. Tena wakitazama chini kutafuta kosa, mgongo hupinda na mwenzi husukumwa.

Mume na mke wajifunzao pamoja hugombana upesi, kila mmoja akidhani kosa ni la mwenziwe. Mwanamume huongoza kwa mwili wake, na kwa mkono wa kulia uliotulia mgongoni mwa mwanamke, chini ya bega. Hamvuti kama mtu avutaye mbuzi. Mwanamke naye hungoja ishara, hata kama azijua hatua zote. Kwa sababu hiyo waalimu wengi huwabadilisha wanafunzi wenzi wao, na nyumbani amani hudumu.

Mwaka 2003 madaktari walitangaza habari za wazee 469 wa Bronx, New York, wenye umri wa zaidi ya miaka 75. Katika mazoezi yote ya mwili waliyoyachunguza, dansi peke yake ilionekana kwenda pamoja na upungufu wa ugonjwa wa akili wa uzeeni. Hata hivyo, haifai kuifanya dansi kuwa dawa, maana yawezekana kwamba wenye akili timamu ndio waendeleao kucheza.

Viatu vya ngozi vyenye soli laini vyafaa kuliko vya mpira, ambavyo hushika sakafu na kuumiza goti. Katika ukumbi jozi zote huzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Wasiozoea hukaa upande wa katikati, wakiwaachia wenye mwendo wa kasi njia ya ukutani.