Bodi, Katibu Meneja na Mwanachama: Kuandaa Watu wa Ushirika Kilimanjaro

Katika chama cha ushirika, wenye mali, wanaoamua na wanaotenda ni makundi matatu, na mawili kati yake hayaingii kwa kigezo cha elimu. Mwanachama wa chama cha msingi cha kahawa kule Kibosho, Machame au Marangu amejiunga kwa sababu ana kihamba, yaani shamba la nyumbani, chenye mibuni. Mjumbe wa bodi amechaguliwa na mkutano mkuu kwa sababu majirani wanamwamini, na pengine kwa sababu ukoo wake ni mkubwa. Katibu meneja, karani na mhasibu ndio peke yao walioajiriwa kwa vyeti. Wao ni waajiriwa wa bodi, bodi inawajibika kwa mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni wanachama wenyewe.

Mpangilio huu unafanya suala la mafunzo ya kazi kuwa gumu kuliko lilivyo katika kampuni. Kampuni ikimpeleka meneja wake kusoma, faida ni ya kampuni. Chama kikimpeleka katibu meneja kusoma na kuwaacha wajumbe wa bodi walivyo, madaraka nayo yanahama: anayejua mizania anaanza kuamua, na aliyechaguliwa kuamua anabaki kutia saini. Historia ya ushirika wa kahawa mlimani Kilimanjaro, yenye umri wa karibu miaka mia moja, inaweza kusomwa yote kama historia ya elimu iliyokuwa ikiwafikia watu wa kundi moja na kuchelewa kuwafikia wengine.

Mwanzo wa KNCU

Wakulima wadogo wa kahawa waliunda chama chao cha kwanza, Kilimanjaro Native Planters' Association, mwaka 1925, wakati walowezi wakipinga Mwafrika kulima zao hilo. Baada ya sheria ya ushirika ya 1932, nafasi yake ilichukuliwa na Kilimanjaro Native Cooperative Union, KNCU, iliyoandikishwa mwaka 1933 ikiwa na vyama vya msingi chini yake. Kazi ya umeneja ilishikwa kwa miaka mingi na Mwingereza, A.L.B. Bennett.

Chama kilikuwa na nidhamu ya kibiashara ambayo vyama vingi vya Afrika vya wakati ule havikuwa nayo. Lakini ujuzi wa soko, wa gharama na wa madeni ulikaa katika ofisi moja mjini Moshi. Mkulima wa kule juu alijua mizani, stakabadhi yake na kiasi alicholipwa. Kwa nini alilipwa kiasi hicho hakuelezwa kwa namna iliyomridhisha. Bei iliposhuka miaka ya 1930, huku kanuni zikimlazimisha kuuza kwa KNCU peke yake, hasira ilipanda, na mwaka 1937 maghala ya kahawa ya baadhi ya vyama yalishambuliwa na wanachama wenyewe. Serikali ya kikoloni iliona uchochezi. Kwa mtazamo wa makala hii, yale yalikuwa pia matokeo ya chama kilichowafundisha watu wake kupima kahawa bila kuwafundisha kusoma hesabu za chama.

Chuo na Tume

Miaka miwili baada ya Uhuru, mwaka 1963, Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi. Mahali palikuwa na mantiki, kwa kuwa KNCU ilikuwa miongoni mwa vyama vikuu vikongwe na vyenye nguvu nchini. Mwaka uliofuata kikaanzishwa kitengo cha elimu ya ushirika kilichotumia masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio na vikundi vya kujisomea vijijini. Wazo hilo la vikundi lina thamani hadi leo: wanachama kumi wanakutana chini ya mti au kwenye ghala, mmoja anasoma kijitabu kwa sauti, wengine wanahoji, na maswali wasiyoweza kuyajibu yanarudishwa Moshi.

Hata hivyo, ushirika ulikua upesi kuliko chuo. Serikali ilihimiza vyama vianzishwe kila mkoa, hata pale ambapo hapakuwa na zao la kutosha wala mtu wa kutunza vitabu vya hesabu. Kamati maalumu ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilitaja kasoro ambazo msomaji wa leo atazitambua bila shida: wanachama wasioelewa chama chao, upungufu wa watumishi wanaofaa, ukosefu wa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na wanasiasa.

Dawa iliyochaguliwa ilitibu kasoro moja na kuzidisha nyingine. Mwaka 1968 iliundwa Tume ya Utumishi wa Ushirika, na suala la kuajiri, kupandisha vyeo na kuadhibu watumishi wa vyama likawekwa chini yake. Watumishi walipata ngazi ya vyeo inayoeleweka na kinga dhidi ya mwenyekiti anayetaka kumweka mpwa wake kwenye dawati la mhasibu. Lakini mtumishi ambaye ajira yake inaamuliwa nje ya chama huangalia huko nje. Bodi ikapoteza kauli juu ya mtu iliyekuwa ikimsimamia, na pamoja na kauli ikapoteza sababu ya kujifunza kumsimamia. Kamati ilikuwa imelalamikia mambo kadhaa; lililoshughulikiwa kwa nguvu zaidi ni lile la watumishi.

Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa na shughuli zao kukabidhiwa mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya 1982 ilivirudisha, na KNCU ikaandikishwa upya. Ndiyo maana jina lake rasmi hadi leo hubeba mwaka 1984 katika mabano. Chuo hakikufungwa katika kipindi hicho, lakini kizazi kizima cha wajumbe wa bodi kilikosekana. Waliorudi walikuwa wazee waliokumbuka enzi za neema na vijana ambao hawakuwahi kukaa kwenye kikao cha bodi.

Kazi ile ile, ujuzi mwingine

Badiliko kubwa kuliko yote kwa mtumishi wa chama lilikuja na soko huria. Kabla ya katikati ya miaka ya 1990, katibu meneja wa chama cha msingi alikuwa, kwa kweli, karani mwenye cheo. Bei ilitangazwa kutoka juu. Yeye alipokea kahawa, akaipima, akaandika stakabadhi, akalipa malipo ya awali, akasubiri malipo ya pili na mabaki, kisha akafunga vitabu. Uaminifu na mwandiko mzuri vilitosha.

Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia vijijini, kazi hiyo hiyo ikahitaji kichwa cha mfanyabiashara. Tuchukue mfano wa kufikirika. Chama kinakopa benki ili kuwalipa wakulima malipo ya awali ya shilingi 4,000 kwa kilo. Usafiri, ukoboaji, ushuru na riba ya mkopo vinafikia shilingi 800 kwa kilo. Kahawa isipopata zaidi ya shilingi 4,800 mnadani, hakuna malipo ya pili. Ikiuzwa kwa 4,500, chama kimepoteza shilingi 300 kwa kila kilo, na kwa tani 50 hasara ni shilingi milioni 15, deni ambalo halimwangukii katibu meneja bali wanachama. Katika miaka ya soko hilo, kwa upande mwingine, malipo ya awali yakiwekwa chini mno, mkulima alimwuzia mnunuzi binafsi aliyesimama na fedha taslimu, na ghala la chama lilibaki tupu.

Hesabu hii ni ya darasa la saba, wala haihitaji shahada. Kinachohitajika ni mazoea ya kuifanya kabla ya msimu, mezani, bodi nzima ikiwapo, kwa bei mbili au tatu tofauti. Mkutano mkuu hupitisha makisio na ukomo wa madeni kila mwaka. Mahali ambapo wajumbe hawajawahi kuifanya hesabu yenyewe, ukomo wa madeni hupitishwa kwa makofi kama ajenda nyingine yoyote, na vyama vingi mlimani vililemewa na madeni kwa njia hiyo, pasipo mwizi yeyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya vyama vya msingi, vilivyojulikana kama G32, viliamua kuuza kahawa yao bila kupitia KNCU. Jambo hilo limejadiliwa sana kama mgogoro kati ya vyama na chama chao kikuu. Kwa upande wa watumishi lilikuwa na maana nyingine: maamuzi ya fedha, ubora na mauzo, ambayo kwa miongo mingi yalifanywa katika jengo la ghorofa mjini, yaliteremka hadi ofisi ya kijiji yenye meza moja na kabati la chuma.

Namna ya kufundisha

Kwa miaka mingi njia iliyozoeleka imekuwa semina. Barua inafika ikiomba mshiriki mmoja, mwenyekiti anajiteua, anakaa siku tatu katika ukumbi wa Moshi au Arusha, anarudi na begi, daftari na posho. Anachokumbuka anakieleza kwenye kikao kwa dakika kumi, ajenda ya "mengineyo". Muhula wake ukiisha, ameondoka na daftari. Si haki kuilaumu posho peke yake, maana mkulima anayeacha shamba siku tatu ana gharama. Kasoro ni kumfundisha mtu mmoja kazi inayofanywa na watu wengi kwa pamoja.

Njia yenye matunda zaidi ni kuifundisha bodi nzima na katibu meneja wake mahali pamoja, kwa vitabu vyao wenyewe. Kitabu cha kiada kinachofaa kuliko vyote tayari kimo kabatini: ripoti ya ukaguzi ya COASCO, shirika la ukaguzi wa ushirika lililoundwa kwa sheria ya 1982. Kila hoja ya mkaguzi ni somo. Stakabadhi zisizo na kiambatisho, masurufu yasiyorejeshwa, daftari la wanachama lenye majina ya marehemu: mjumbe akipitia hoja hizo moja baada ya nyingine, akauliza zilitokeaje na nani alipaswa kuziona mapema, amejifunza usimamizi kuliko atakavyojifunza kwenye mada ya "utawala bora" iliyoandaliwa kwa ajili ya nchi nzima. Katibu meneja mwema hupata ahueni katika zoezi hili, kwa sababu bodi inayoelewa hesabu humkinga dhidi ya tuhuma za barazani. Asiye mwema atatafuta sababu ya kuliahirisha.

Chuo chenyewe kimebadilika. Mwaka 2004 kilifanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Utafiti na shahada ni faida kwa nchi. Ila mhitimu wa shahada haendi kirahisi kuwa katibu meneja kule Rombo kwa mshahara unaotegemea ushuru wa kilo chache za kahawa. Uhai wa vyama vya msingi bado unategemea zaidi kozi fupi, masomo ya cheti na ofisi za chuo za mikoani kuliko mahafali makubwa.

Ngazi ya mlimani

Kwenye mteremko huo huo wa Kilimanjaro ipo kazi nyingine inayoandaa viongozi kwa njia isiyo na darasa kabisa. Wapagazi wanaobeba mizigo ya wapanda mlima, wanaojiita wagumu, huanza na mzigo ambao hifadhi ya mlima imeuwekea kikomo cha kilo 20. Mwenye bidii hupanda kuwa mpishi, kisha msaidizi wa kiongozi, kisha kiongozi wa msafara mwenye leseni. Kila kiongozi mzuri aliwahi kuchota maji kambini na kulala kwenye hema lililojaa. Anaijua kazi ya kila mtu aliye chini yake. Lakini ngazi hiyo ina pengo: kupanda kunahitaji Kiingereza na huduma ya kwanza, na mzigo haumfundishi mtu hayo. Shirika la kutetea wapagazi, KPAP, lililoanza Moshi mwaka 2003, limekuwa likitoa masomo hayo bure pamoja na elimu ya matumizi ya fedha. Ushirika una somo la kuchukua hapo. Karani wa ghala aliyepima kahawa misimu kadhaa ni mgombea halali wa ukatibu meneja, mradi chama kimlipie masomo ya hesabu anayoyakosa, badala ya kutangaza nafasi na kumpata mtu asiyeitofautisha kahawa iliyochachushwa vizuri na iliyooza.

Nenosiri

Badiliko la sasa ni la kidijitali. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, inavitaka vyama viingize taarifa zao katika mfumo wa kompyuta, MUVU, na malipo ya mkulima yanazidi kupita benki na simu. Mfumo huu unaweza kuziba mianya ya zamani, kwa kuwa afisa ushirika wa wilaya haangojei tena gari la kwenda kijijini ili aone hesabu.

Lakini hatari ya mwaka 1937 inarudi kwa sura nyingine. Katika bodi ambayo wajumbe wengi wana umri wa zaidi ya miaka sitini, anayejua kuingia kwenye mfumo ni kijana mmoja, na huyo huyo ndiye anayeandika, anayesahihisha na anayechapisha taarifa ya kikao. Haitoshi kumfundisha yeye vizuri zaidi. Mwenyekiti na mweka hazina wanapaswa kuweza kuufungua mfumo wenyewe na kuisoma taarifa hata kama hawawezi kuiandika, na hili hufundishika kwa kijana huyo kukaa na wazee wawili mara moja kwa wiki, ofisini, katika msimu mmoja.

Gharama ya haya yote si kubwa. Waasisi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, katika karne ya 19 walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu, na elimu imo hadi leo katika kanuni saba za ushirika duniani. Mwanachama anayetaka kujua kama chama chake kinaandaa watu na afungue makisio yatakayoletwa kwenye mkutano mkuu ujao, aangalie fungu la elimu, kisha aulize lilitumika kwa nani mwaka uliopita.