Je, Wajua? Jenereta Dogo na Betri Yenye Njaa

Je, wajua kwamba namba 950 kwenye yale majenereta madogo yanayouzwa kila mji si wati? Ni jina la modeli. Mengi hutoa wati 650 mfululizo, na 800 kwa muda mfupi tu. Ukitaka kujua jenereta lako linaweza nini, tafuta kiwango cha mfululizo kwenye kibati chake. Kile cha juu ni cha kuwashia mzigo mzito, si cha kukesha nacho.

Je, wajua kwamba muuzaji akikutajia kVA 5, mara nyingi unapata kilowati 4? Zidisha kwa 0.8 kabla hujatoa pesa.

Je, wajua kwa nini taa hufifia friji inapoanza kunguruma? Friji inayokula wati 150 ikishatulia huhitaji mara kadhaa ya hizo wakati mota inapoanza kuzunguka. Iwashe ya kwanza, peke yake, kisha televisheni na taa zifuate. Pasi haina mshtuko huo, lakini wati zake 1,000 hulilemea jenereta la 650 tangu dakika ya kwanza.

Je, wajua kwamba mlima hula nguvu? Kila mita 300 unazopanda, injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi. Jenereta la wati 2,000 pale Mombasa likifika Nairobi hubaki na kama wati 1,600.

Sasa betri, na hapa ndipo watu wengi wanapochoma petroli bure. Je, wajua kwamba lile tundu la volti 12 lililo kwenye jenereta hutoa ampea 8 hivi tu? Honda EU22i, yenye uwezo wa wati 1,800 mfululizo, hutoa ampea 8.3 kwenye tundu hilo, yaani wati 100. Kwa kuamshia betri ya gari wakati wa dharura, sawa. Lakini betri ya sola ya Ah 100 iliyobaki nusu itakuweka saa saba au nane ukisikiliza kelele.

Njia bora ni kuchomeka chaja ya betri kwenye soketi ya kawaida ya volti 230. Chaja ya ampea 20 hula kama wati 350 hadi 400, mzigo ambao hata jenereta dogo la wati 650 huubeba, na betri ileile hutoka nusu hadi asilimia 80 ndani ya saa mbili hivi. Kwa betri ya asidi, ampea za chaja zisizidi moja ya tano ya Ah zake.

Na je, wajua kwamba asilimia 20 za mwisho ndizo zinazochukua muda mrefu kuliko zote? Betri ya asidi ikikaribia kujaa huanza kuukataa umeme, ampea zinashuka, jenereta linaendelea kunywa mafuta. Zima hapo. Kama una paneli ya sola, iachie imalizie mchana. Hiyo ndiyo kazi inayoifaa.

Tundu la volti 12 pia kwa kawaida halijui betri ikijaa. Ukiisahau, umeme huyavunja maji yake na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Betri ya lithiamu usiiunganishe hapo kabisa. Ina chaja yake.

Je, wajua kwamba jenereta likichomekwa kwenye soketi ya ukutani bila swichi ya kubadilishia, umeme wake unaweza kurudi hadi kwenye transfoma na kupandishwa kufikia volti 11,000? Juu ya nguzo yupo fundi anayeamini laini imezimwa. Mwite fundi umeme akufungie swichi hiyo.

Moshi wa jenereta una monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua waliolala. Usiliwashe ndani, wala barazani, wala chini ya dirisha. Liweke uwanjani, angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likitazama upande usio na watu, na umwambie jirani naye afanye hivyo.